Kiharusi Kiliniachia Neno Moja, Nalo Ni Mlenda

Poleni nyote mnaosoma haya mkiwa vitandani, na poleni zaidi ninyi mnaowafulia watu wenu mashuka. Jina langu ni Lameki. Hapa Chang'ombe, Dodoma, wananiita Baba Neema. Kabla sijasimulia ugonjwa ulivyonipata, mjue kwanza kwamba mimi ni mtu wa kinyaa. Nimezaliwa hivyo. Siwezi kunywea kikombe alichonywea mwenzangu. Mtu akipenga kamasi karibu yangu, chakula changu kimekwisha siku hiyo.

Na kitu ninachokichukia kuliko vyote chini ya jua ni mlenda, ile mboga yetu ya majani inayoteleza. Ndiyo, mimi ni Mgogo, na Mgogo asiyekula mlenda anatiliwa shaka hata msibani. Mama yangu, Mungu amrehemu, alijaribu kila njia. Alinipa mbichi, alinipa wa kukausha na kusaga, aliongeza karanga. Lakini ile kamba inayovutika kutoka kwenye bakuli mpaka mdomoni, haikatiki, inaning'inia kidevuni, mimi naona makamasi tu. Nilipooa nikaacha kabisa kuula, na kwa kuwa mke wangu ni mzaliwa wa Kondoa na hatukukulia pamoja, hakujua hata sababu. Alidhani tu kwamba napenda maharage.

Kazi yangu ilikuwa kunadi. Kwenye minada ya mifugo ya huku kwetu, ng'ombe na mbuzi wanauzwa upande mmoja, na upande wa pili tupo sisi tunaosimama juu ya meza kuuza mablanketi, masufuria na mitumba kwa mdomo. Mtu wa kinyaa kufanya kazi mnadani ni adhabu. Mavi ya ng'ombe, inzi, watu wanaotoka kushika mkia wa fahali na kuingiza vidole hivyo hivyo kwenye nyama choma. Nilivumilia kwa sababu ya sauti yangu. Nilikuwa na sauti, jamani. Kuanzia Kibaigwa mpaka Kondoa walinijua kwa sauti kabla hawajaniona.

Sauti hiyo niliiamsha kila asubuhi kwa shairi. Tulilisoma darasa la sita, kwenye kitabu ambacho jina la mtunzi lilikuwa limeliwa na mchwa. Ni shairi la mvua inayokuja kwenye nchi kavu kama hii yetu. Ubeti wake wa kwanza ni huu:

Wingu limelala chini, limefunika mlima,
Mtama umo shambani, wainama kwa heshima,
Njiwa kimya kiotoni, sauti ameizima,
Ukungu ukishafunga, kilimani kuna nani?

Lisomeni kwa sauti, hata kama mko wodini. Ule mstari wa mwisho, "ukungu ukishafunga," mdomo wenyewe unafunga, pumzi inarudi puani, unasikia kifua kinanguruma. Halafu "kilimani kuna nani" inafungua kila kitu. Nilikuwa nausema huo mstari nyuma ya gari la mizigo kabla ya kupanda mezani, na koo linakaa sawa. Kuna mstari mwingine mbele unaosema, "Nasikia zaja nyayo, nyasi hazikukanyagwa." Nimechunga mbuzi utotoni chini ya vilima vya mawe, nimeona ukungu wa masika ukishuka, na nawaambia nywele zilinisimama nilipousikia mstari ule mara ya kwanza. Ni nani huyo? Shairi halisemi mpaka mwisho. Na ndiyo utamu wake.

Watu wanaotaka kusema ni nani wananitia kichefuchefu. Mchungaji mmoja aliniambia ni Mungu. Binti yangu Neema alipokuwa sekondari alirudi na maelezo kwamba ukungu ni rushwa na kilimani ni uongozi mbaya. Nilitaka kutapika. Mtu amekupa mvua, njiwa na nyayo za mtu asiyeonekana, wewe unamrudishia rushwa.

Sasa ugonjwa. Nilikuwa na presha, na hospitali walinipa vidonge. Vile vidonge vinakojoza. Unameza asubuhi, kufika saa nne unatafuta choo kila dakika. Na choo cha mnada sitakieleza sana kwa sababu wengine mnakula. Ni shimo, magunia pande tatu, na kila aliyetangulia amekosea shimo. Niliingia mara moja nikatoka na viatu nikavitupa. Kuanzia hapo siku za mnada sikumeza vidonge, na siku zangu nyingi zilikuwa za mnada. Daktari aliniambia baadaye, "Mzee, choo kichafu hakijamuua mtu kwa kukitazama. Presha inaua." Ni kweli. Lakini yeye hajakiona kile choo.

Asubuhi hiyo niliamka na ganzi kwenye vidole vya mkono wa kulia. Nikaukung'uta, nikaenda kazini. Nikapanda mezani, nikainua blanketi la maua, nikataka kusema, "Blanketi la harusi hilo." Ulimi ukawa mzito, ukajikunja, kikatoka kitu kama mlio wa ndama. Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu kalewa. Asubuhi yote hii." Nikahisi mate yananitiririka upande wa kulia, mate mengi, mbele ya wateja, na mkono wa kuyafuta haukuinuka. Nikaanguka. Uso ukatua kwenye mavi ya ng'ombe, mabichi, bado ya moto.

Nilikuwa na akili zangu zote. Nataka mlijue hilo, ninyi mnaouguza. Nilisikia kila kitu. Nilihisi mavi yanaingia pua ya kushoto, na ya kulia sikuhisi kitu. Nilitaka kusema, "Nisafisheni uso," na hakuna kilichotoka. Walinibeba wakaniweka kwenye gari lililokuwa limeshusha mbuzi, na nikaenda hospitali mjini nikiwa na uso ule ule.

Daktari akamwambia mke wangu, "Ni kiharusi. Damu imeziba upande wa kushoto wa ubongo. Ndiyo maana mkono na mguu wa kulia imekufa, na maneno yamepotea."

Mke wangu akauliza, "Yatarudi?"

"Tutaona. Wengine yanarudi, wengine kidogo tu."

Nikalala pale nikiwa kitu cha kuchukiza. Nilivalishwa pampasi. Nilijisaidia humo, na nilikaa humo mpaka mtu akumbuke. Chakula kilikuwa kinabaki shavu la kulia bila mimi kujua, kinaoza, mdomo wangu unanuka mpaka mimi mwenyewe nikawa nageuza uso nisijinuse. Mtu anageuzaje uso asijinuse, sijui, lakini nilijaribu. Ndugu walikuja. Shemeji yangu akasema nimerogwa na wanadi wenzangu. Mtu mmoja wa maombi, sitamtaja, aliniinamia akakemea kwa nguvu, na kwa kila neno la kukemea mate yake yalinidondokea machoni. Nilikuwa naomba pia, kimoyomoyo, kwamba afunge mdomo.

Kisha yakaanza ya mlenda. Nesi alimweleza mke wangu kwamba nisipewe maji matupu kwa sababu yananipalia na yataingia mapafuni. "Apewe vitu vizitozito, vinavyoteleza."

Mke wangu akauliza, "Kama mlenda?"

"Mlenda ni mzuri sana kwake," nesi akasema.

Nilikusanya nguvu zote nilizokuwa nazo kukataa. Nilitaka kusema hapana. Nilisukuma pumzi, ulimi ukatafuta mahali, na neno la kwanza tangu nianguke likatoka, wazi kabisa, hata mgonjwa wa kitanda cha pili alilisikia.

"Mlenda," nikasema.

Mke wangu akapiga magoti akamshukuru Mungu. "Ameongea. Ameomba chakula. Jamani, Baba Neema ameomba mlenda."

Ndugu zangu, kuanzia siku ile nililishwa mlenda asubuhi na jioni. Nilipotaka kusema "basi," kilitoka mlenda. Nilipotaka maji, mlenda. Nilipotaka kugeuzwa, mlenda. Nilipokasirika nikasema kwa ukali, "Mlenda, mlenda, mlenda," wakasema, masikini, ana njaa. Habari ikaenea. Wakwe wakaleta wa kusaga kutoka kijijini, mfuko mzima. Jirani akasema, "Damu ya Mgogo haipotei. Akikaribia kufa anarudi kwenye cha mama yake." Mke wangu alinishika kidevu, akamimina kijiko, na ile kamba ikavutika kutoka bakuli mpaka mdomoni mwangu, na nusu ikateremka shingoni. Machozi yalinitoka. Alinifuta akasema, "Usilie kwa furaha, kula."

Niliruhusiwa kurudi nyumbani, na mambo yakaendelea hivyo hivyo. Mguu ulianza kukubali kidogo. Sista Ansila, anayefanyisha watu mazoezi hospitalini, alinisimamisha kati ya vyuma viwili na kunitukana kwa upole mpaka nikapiga hatua. Lakini neno lilibaki moja. Watu wakaanza kuongea nami kwa sauti ya kitoto. "Babu amekula? Babu amepupu?" Mnadi mimi. Nilitamani kufa, nasema kweli, na si kwa maumivu. Kwa kinyaa tu.

Aliyenitoa huko ni Elia. Tulisoma darasa moja, na tangu wakati huo anaitwa Elia Nyani, kwa sababu mwalimu alipomwita mbele kukariri lile shairi alimaliza kila ubeti kwa "kilimani kuna nyani." Alichapwa, akarudia, akachapwa tena. Amezeeka na bado akikutana nami anausema hivyo, na mimi kila mara najisikia kama amenitemea kwenye chai.

Aliingia uani mchana, mke wangu akiwa anachambua mboga. "Mbukwenyi," akabisha kwa salamu yetu ya Kigogo. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, na hakuongea kitoto.

"Lameki, umekuwa mbaya wa sura," akasema. "Mdomo umeenda Singida, jicho liko Morogoro."

Mke wangu akasema, "Shemeji, usimtanie, mgonjwa."

"Nani kakwambia mgonjwa hataniwi?" Akanitazama. "Haya. Nimekuja kukukaririsha." Akakohoa, akasimama kama mwanafunzi, mikono nyuma. Akasema ubeti wote, vizuri, lazima niseme ukweli. Wingu, mtama, njiwa. Nilisikia kila silabi inapita mahali pake kichwani mwangu. Akafika mwisho. "Ukungu ukishafunga, kilimani kuna nyani."

Kitu kikanipanda kutoka tumboni. Ilikuwa chuki ya tangu utoto, na ilipita pale ambapo neno "hapana" halikuweza kupita.

"Nani," nikasema.

Mke wangu akaacha mboga. "Anakuuliza wewe ni nani. Ni Elia, Baba Neema. Umemsahau rafiki yako?"

"Kilimani kuna nani," nikasema. Mate yalikuwa yananidondoka kifuani na sikujali. "Ukungu ukishafunga, kilimani kuna nani." Nikarudi mwanzo. Nikasema wingu limelala chini, nikasema mtama, nikasema njiwa, ubeti mzima, mizani zote, hakuna iliyopungua. Sauti ilikuwa mbovu, ya kukwaruza, lakini ilikuwa yangu.

Elia alikaa chini taratibu. "Kumbe nilichapwa bure," akasema. "Ilikuwa dawa."

Msidhani yaliisha hapo. Mke wangu alikimbia akaniuliza, "Unataka nini? Sema chochote." Nikafungua mdomo kuomba maji. "Mlenda," nikasema. Naye akaenda kuupika. Nawaulizeni, mtu anaweza kukariri ubeti mzima wa shairi la darasa la sita na hawezi kuomba maji. Nilijichukia upya.

Sista Ansila ndiye aliyenieleza. "Mzee, maneno ya kuongea yanakaa chumba kimoja, na maneno ya wimbo yanakaa kingine. Chumba cha kuongea kimeungua. Cha wimbo ni kizima. Basi tupitie mlango huo." Akanichukua mkono wa kushoto, akaupigisha kwenye paja langu mapigo manane, akapumzika, manane tena. "Shairi lako lina mwendo huu. Toa maneno yake, tia ya kwako. Mwendo usiuache."

Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kutembea. Nilipiga paja mpaka likawa jekundu. Neno moja linaingia, lingine linatoka. Mara nyingi nilianza vizuri nikaishia kwenye mlenda, na Sista anasema, "Rudia," bila huruma hata chembe. Sentensi ya kwanza kukamilika ilikuwa "Naomba maji ya moto, nisafishe kinywa changu." Nilipewa, nikasukutua shavu la kulia, yakatoka mambo ambayo sitawaeleza.

Jioni hiyo hiyo mke wangu akaja na bakuli. Akanishika kidevu. Nikaweka mkono wa kushoto kwenye paja, nikaanza kupiga. Alisubiri, kijiko hewani, kamba inaning'inia.

"Mke wangu nisikize," nikasema, "mlenda mimi sitaki."

Akarudisha kijiko bakulini.

"Tangu lini?" akauliza.

Sikuwa na mizani ya kujibu hilo. Nikanyoosha mkono nyuma ya bega, nikiupeleka mbali, mbali kabisa, mpaka utotoni.

Akaanza kulia, halafu akaanza kucheka, halafu vyote pamoja. "Mimi nao siupendi, Baba Neema," akasema. "Ile harufu ya magadi inanichefua. Nimekuwa naula na wewe ili nikutie moyo." Akainuka akaumwaga wote kwa kuku. Kuku nao waliutazama kwanza.

Sasa naongea. Si kama zamani. Kunadi kumekwisha, mtu hanunui blanketi kwa mnadi anayetafuta neno. Nameza vidonge kila siku, na nikibanwa na haja nikiwa sehemu yenye choo cha hovyo, naingia, naziba pua, natoka. Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu aliyeshika mavi yangu kwa mikono yake na hakuwahi kukunja uso, namshukuru Sista Ansila, na nalazimika kumshukuru Elia Nyani. Shairi bado nalisema kila asubuhi. Bado sijui ni nani aliye kilimani na atakayeniambia nitamfukuza uani.

Ushauri wangu nitaueleza kwa kisa cha juzi. Sista aliniomba nikamtembelee mama mmoja aliyeletwa wodini kutoka Kibaigwa, mfanyabiashara wa mahindi, kiharusi kama changu. Nikamkuta amelala chali, mabinti zake wawili pembeni, wametulia, wanajivunia.

"Shikamoo, baba," wakasema. "Mama yetu amebakiwa na neno moja, ni asante. Tukimlisha, asante. Tukimlaza, asante. Hata ugonjwani anashukuru."

"Asante," mama akasema. Nilimtazama macho. Nayajua macho yale, niliyabeba miezi mingi nikiwa na bakuli chini ya kidevu.

Kisha pua yangu ikanusa. Chini ya sabuni na poda waliyompaka kulikuwa na harufu nyingine, tamu, nzito, ya nyama iliyoanza kuharibika. Nilitaka kuwaambia wamgeuze, nikafungua mdomo, na kwa kuwa nilishtuka, kilichotoka ni mlenda. Mabinti wakatazamana. Nikafunga macho nikaanza kupiga paja.

"Mgeuzeni mgonjwa," nikasema, "mgongoni kuna donda."

Walinitazama kama kichaa, lakini walimgeuza. Shuka lilikuwa limenata, likabanduka na ngozi. Kidonda kilikuwa juu ya makalio, kipana, cheusi pembeni, katikati kuna usaha wa kijani. Binti mdogo akakimbilia nje kutapika. Mkubwa alisimama pale, mkono mdomoni, akisema, "Kila tukimlaza anasema asante, kila tukimlaza."

Nami nilitaka kukimbia, sitawadanganya. Mate yalinijaa mdomoni. Nikavuta kiti nikakaa upande wa uso wake, nikamshika mkono ule mzima, mpaka nesi akaja na maji ya chumvi na bandeji. Alipoanza kusafisha, mama alinibana vidole mpaka vikauma.

"Asante," akanifokea. "Asante, asante."

"Najua, mama," nikamwambia. "Tukana tu."